Chuo rahisi si chuo nafuu

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, maneno mawili husikika katika nyumba nyingi za Nairobi: daktari na rahisi. Mtoto aliyefaulu masomo ya sayansi husema anataka kuwa daktari. Mzazi ambaye mfuko wake ni mtupu hufurahi, kisha hushusha pumzi na kusema, "Basi, mwanangu, tutafute chuo rahisi." Mazungumzo hayo huchukua dakika chache, lakini uamuzi unaotokana nayo huweza kuiandama familia kwa miaka kumi.

Mimi ni mtu wa lugha wala si mtu wa tiba. Hata hivyo, nimewaona wanafunzi wengi wakipotea njia kwa sababu ya neno walilolichukulia juu juu, na rahisi ni mojawapo ya maneno hayo. Tulilipata kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni kitu cha bei ya chini. Kiswahili kikaliongezea maana ya pili, yaani jambo lisilo gumu. Kitambaa rahisi hakisumbui mfuko, na hesabu rahisi haisumbui akili. Neno nafuu nalo lina asili ya Kiarabu, na ni ndugu wa neno manufaa. Twasema bei nafuu, na twasema pia kwamba mgonjwa amepata nafuu, yaani hali yake imekuwa bora kuliko ilivyokuwa jana.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha makala haya. Chuo rahisi ni kile kilicho chepesi kuingia na chepesi kulipia siku ya kwanza. Chuo nafuu ni kile kinachomfikisha mwanafunzi mwisho wa safari, akiwa na leseni ya kutibu mkononi, bila kuiangamiza familia iliyomsomesha. Kwa mwanafunzi maskini anayetaka kusomea udaktari nchini Kenya, vyuo hivi viwili ni nadra sana kuwa kimoja.

Tuchukue mtaa wa Ngara, hatua chache tu kaskazini mwa katikati ya jiji. Ngara ni mtaa wa elimu tangu zamani. Hapa ndipo zilipo shule za Jamhuri, ambayo wakati wa ukoloni iliitwa Duke of Gloucester, na Ngara Girls. Ng'ambo ya Museum Hill kuna Chiromo, bewa la Chuo Kikuu cha Nairobi ambako vizazi vya madaktari wa Kenya vimejifunzia umbo la mwili wa binadamu kabla ya kwenda kufundishwa kando ya vitanda vya wagonjwa katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Lakini Ngara pia ni mtaa wa vibanda vya mitumba, wa vyumba vya kupanga vinavyojaa wanafunzi, na wa vyuo vidogo vya ghorofani ambavyo mabango yake huahidi kazi ya hospitalini baada ya miezi michache. Mama auzaye nguo za mitumba hapo huweza kuliona bango la chuo cha ghorofani kila siku ya maisha yake, asipate hata siku moja kuelezwa na mtu jinsi mwanawe awezavyo kuingia Chiromo.

Jambo la kwanza analostahili kuelezwa mama huyo ni hili: katika masomo ya udaktari, nafasi iliyo nafuu zaidi ndiyo iliyo ngumu zaidi kuipata. Nafasi hiyo ni ile inayotolewa na serikali katika chuo kikuu cha umma kupitia KUCCPS, asasi iliyoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012. Bei ya nafasi hiyo hulipwa kwa alama kwanza, na fedha hufuata nyuma. Katika matokeo ya KCSE ya mwaka 2024, watahiniwa 246,391 walipata alama ya C+ au zaidi, ambayo ndiyo kiwango cha chini cha kuingia chuo kikuu. Waliopata A walikuwa 1,693. Nafasi za udaktari ni chache, na wanaozigombania ni wale walio kileleni mwa orodha hiyo.

Mambo hayakuwa hivi daima. Kabla ya mwaka 1967, Kenya haikuwa na kitivo chake cha tiba, na vijana wake waliotaka udaktari walikwenda Makerere, ambako mafunzo ya tiba yalianza katika miaka ya 1920. Kitivo cha Nairobi kilipofunguliwa mwaka 1967, waliopata nafasi ndani yake walisomeshwa na taifa. Mwaka 1991 serikali ilianza kuwatoza wanafunzi sehemu ya karo. Mwaka 1995 ikaundwa HELB ya kutoa na kudai mikopo. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungua mlango wa wanafunzi wanaojilipia wenyewe, na mtoto wa tajiri aliyekosa alama chache akapata njia ya kando ya kuingia darasa lile lile. Kwa miaka mingi aliyepata nafasi ya serikali alilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, awe anasomea udaktari au historia. Mwaka 2023 utaratibu huo nao ukaondolewa, ukaja mfumo mpya unaomtazama kila mwanafunzi kwa kadiri ya uwezo wa familia yake.

Mfumo huu umezua mabishano makubwa. Mahakama Kuu iliukataa Desemba 2024, na mwaka 2025 Mahakama ya Rufaa ikaruhusu uendelee kutumika wakati rufaa ikisubiriwa. Mwaka huo huo Wizara ya Elimu ikatangaza kupunguza karo. Kwa hiyo mwanafunzi asikariri tarakimu za mwaka jana, bali ajifunze namna ya kupiga hesabu. Tuseme gharama ya masomo ya udaktari kwa mwaka mmoja ni shilingi 600,000, kiasi kisicho mbali na kilichotajwa mfumo ulipoanza. Kwa mgawanyo wa makundi 5 uliotumika mwaka 2024, mwanafunzi wa kundi la kwanza, yaani maskini kabisa, alipewa ufadhili wa asilimia 70 na mkopo wa asilimia 25, na familia yake ikalipa asilimia 5. Wa kundi la tano alipewa ufadhili wa asilimia 30 na mkopo wa asilimia 30, na familia ikalipa asilimia 40.

Hebu tuyageuze maneno hayo kuwa shilingi. Familia ya kundi la kwanza italipa 30,000 kwa mwaka, yaani 180,000 kwa miaka sita ya masomo. Familia ya kundi la tano italipa 240,000 kwa mwaka, yaani 1,440,000 kwa miaka sita. Tofauti kati ya hizo mbili ni shilingi 1,260,000. Naye mwanafunzi wa kundi la kwanza, ambaye familia yake imelipa kidogo, atamaliza akiwa na deni la karo la shilingi 900,000, kabla ya kuhesabu mkopo wa chakula na malazi wala riba. Wazazi wengi hulisikia neno mkopo na kulielewa kama msaada. Mkopo ni deni, nalo lina jina la mtoto wao.

Sasa tazama ni kitu gani kinachoamua kama familia ya Ngara itahesabiwa katika kundi la kwanza au la tatu. Ni fomu. Mwanafunzi huulizwa kupitia intaneti kuhusu mapato ya wazazi, ukubwa wa familia, ndugu wanaosoma, ulemavu, na gharama za shule alizosomea, na majibu yake hupimwa na mtambo. Fomu hiyo hujazwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi huijaza katika kibanda cha kompyuta akiwa na haraka, mzazi wake akiwa kazini, na mwenye kibanda akimhimiza amalize. Akikosea mapato ya mwezi kwa mapato ya mwaka, au akisahau kuwataja wadogo zake wawili, au akiona haya kuandika kwamba mama yake ni mchuuzi, kosa hilo litailipisha familia yake laki kadhaa.

Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi. Mara nyingi wasomi wa lugha tukiitaja ibara hiyo huchukuliwa kama watu wanaodai heshima ya lugha wanayoipenda. Hapa hatuzungumzii heshima. Mzazi asiyeielewa fomu inayompima umaskini wake hawezi kuirekebisha wala kukata rufaa kwa wakati. Fomu za ufadhili, orodha za karo na barua za mikopo zinapaswa kupatikana kwa Kiswahili sanifu na chepesi, na gharama ya kuzitafsiri haiwezi kulinganishwa na machungu ya mtoto mmoja aliyewekwa kundi lisilo lake. Hadi hilo litakapofanyika, jukumu la kuifafanua fomu hiyo limewaangukia walimu.

Jambo la pili linahusu mpangilio wa chaguo. Wanafunzi wengi wa Nairobi hudhani kuwa udaktari ni Chuo Kikuu cha Nairobi peke yake. Wasipofikia alama zake, hukata tamaa au hukimbilia vyuo vya kulipia. Ukweli ni kwamba udaktari hufundishwa pia katika vyuo vikuu vya umma vya Moi, Kenyatta, Jomo Kenyatta, Maseno, Egerton na vinginevyo, na alama za mwisho za kuingia hutofautiana kutoka chuo hadi chuo. Mwanafunzi mwenye busara huzipanga nafasi zake kuanzia chuo kinachodai alama za juu zaidi hadi kile kinachodai kidogo, badala ya kuzijaza zote kwa majina makubwa. Asiusahau umbali pia. Kijana wa Ngara anayekwenda Chiromo kwa miguu na kulala kwa mama yake anaokoa kodi ya nyumba na nauli. Anayekwenda Eldoret au Maseno hana budi kuzitafuta fedha hizo. Lakini nafasi ya serikali mjini Eldoret, pamoja na kodi yake, bado ni nafuu kupita nafasi ya kujilipia iliyo mlangoni pa nyumba yenu.

Na hapa niwakumbushe wanafunzi jambo ambalo walimu wenzangu wa Kiswahili watafurahi kulisikia. Katika kundi la masomo yanayohesabiwa ili kuingia udaktari, pamoja na biolojia, kemia, na hisabati au fizikia, kuna Kiingereza au Kiswahili. Mwanafunzi anayekipuuza Kiswahili kwa kudhani kwamba hakina kazi hospitalini anaitupa alama ambayo huenda ndiyo ingempa nafasi.

Jambo la tatu ni vyuo vya kibinafsi. Vipo vyuo vikuu vya kibinafsi vyenye vitivo vya tiba vinavyoheshimika, na sina neno baya juu yake. Ila mzazi ajue kwamba tangu mwaka 2023 mwanafunzi mpya aendaye huko huweza kuomba mkopo lakini hapati ufadhili wa serikali. Karo yote, isipokuwa mkopo huo, ni mzigo wa nyumbani. Familia nyingi huanza kwa harambee. Harambee hulipia mwaka wa kwanza kwa shangwe, na mwaka wa pili kwa manung'uniko. Mwaka wa tatu watu hawachukui simu. Mwanafunzi aliyekwama mwaka wa tatu wa udaktari si robo daktari wala nusu daktari. Mbele ya sheria hawezi kumtibu mtu yeyote.

Mbaya zaidi ni chuo kisichotambuliwa. Nchini Kenya, shahada ya udaktari haina thamani ikiwa chuo kilichoitoa hakikubaliwi na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC. Baraza hilo ndilo linalovikagua vitivo vya tiba na kuwasajili wahitimu. Vivyo hivyo, waendao nchi jirani au ng'ambo kwa kuvutiwa na karo ya chini na masharti mepesi ya kuingia hurudi na kukutana na Baraza lilelile, ambalo huuliza alama zao za sekondari, hutazama kama chuo chao kinatambuliwa, na huweza kuwatahini kabla ya kuwaruhusu kuanza mafunzo kazini. Kuuliza si ujinga, na swali hili huulizwa kabla ya kulipa, si baada ya kuhitimu.

Jambo la nne ndilo gumu kusema mbele ya kijana mwenye ndoto. Katika mazungumzo ya kila siku tunamwita daktari kila avaaye koti jeupe. Watanzania wana uangalifu zaidi: wao hutofautisha daktari na afisa tabibu, na stashahada ya utabibu ina jina na heshima yake. Sisi Wakenya tuna afisa huyo huyo, aliyesomea tiba kwa miaka mitatu kwa kiwango cha diploma, akafanya mafunzo kazini, akasajiliwa na baraza lake mwenyewe. Yeye ndiye anayewatibu wagonjwa walio wengi katika zahanati na vituo vya afya vya nchi hii. Ila kwa kuwa lugha yetu ya mitaani haina jina lake, kijana humwona kama daktari aliyeshindwa.

Huyu hufunzwa hasa katika KMTC, chuo cha umma ambacho historia yake inaanzia mwaka 1927 na ambacho sasa kina mabewa zaidi ya 70 kote nchini, mojawapo likiwa karibu na Hospitali ya Kenyatta, safari ya matatu mbili kutoka Ngara. Alama ya jumla inayotakiwa ni C, pamoja na ufaulu katika masomo maalumu. Karo yake ya mwaka haifiki hata robo ya zile laki sita tulizozitaja, na wanafunzi wake huweza kuomba mkopo wa HELB. Mwenye kuhitimu huweza kuendelea na stashahada ya juu, au shahada ya utabibu katika baadhi ya vyuo vikuu. Wapo pia waliofaulu vizuri ambao baadaye hukubaliwa kusomea udaktari, lakini mwalimu asiitaje njia hiyo kana kwamba ni barabara ya lami. Ina masharti ya alama za sekondari, na mara nyingi anayeipitia hujilipia. Tofauti ni kwamba anayejilipia huyo ana kazi mkononi.

Najua kuna msomaji atakayesema kuwa ninawaambia watoto wa maskini wapunguze ndoto zao, huku watoto wa matajiri wakiachiwa udaktari. Hoja hiyo ni nzito na sitaipuuza. Ni kweli kwamba tangu mwaka 1998, watahiniwa wawili wenye alama sawa wameweza kutengwa na fedha za wazazi wao tu, na hilo ni doa juu ya elimu yetu. Lakini dawa ya doa hilo si kumsukuma mtoto wa mchuuzi aingie mchezo ambao mwenzake anaweza kushindwa mara mbili na bado akalipiwa, ilhali yeye akishindwa mara moja shamba la babu yake limekwisha kuuzwa. Mtoto wa maskini anahitaji habari sahihi kuliko mtoto wa tajiri, kwa sababu hana fedha za kununulia nafasi ya pili. Alama zake zikitosha, na ahimizwe aende Chiromo bila woga. Zisipotosha, aonyeshwe njia nyingine yenye mwisho.

Na ajue pia kwamba safari haiishi siku ya mahafali. Mhitimu wa udaktari hana budi kufanya mwaka mmoja wa mafunzo kazini kabla ya kusajiliwa kikamilifu. Mwaka 2024, madaktari waligoma kwa siku 56, kuanzia Machi hadi Mei, na mojawapo ya mambo waliyoyapigania ni kupelekwa kazini kwa wahitimu hao na malipo yao: serikali ilitaka kuwalipa shilingi 70,000 kwa mwezi, ilhali makubaliano ya awali yalikuwa yamewaahidi takriban 206,000. Familia iliyokopa kwa kutegemea kwamba mshahara utaanza mara tu baada ya mtihani wa mwisho ilijifunza somo chungu mwaka huo.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, mwanafunzi anapokuja na kusema kwamba amepata chuo rahisi cha udaktari, tusimpe pongezi wala kumvunja moyo. Tumwulize maswali matano. Je, chuo hicho kimo katika orodha ya Baraza linalohusika? Gharama ya safari nzima, hadi leseni, ni shilingi ngapi, ukihesabu malazi, chakula na nauli? Katika fedha hizo, ni kiasi gani ni ufadhili, ni kiasi gani ni deni, na ni kiasi gani kitatoka nyumbani? Mwaka wa tatu utalipiwa na nani? Na ukikwama katikati, utakuwa na cheti gani cha kukulisha?

Maswali haya yaulizwe katika kidato cha tatu, wakati bado kuna muda wa kuziinua alama, wala yasingoje wiki ya mwisho ya kutuma maombi. Shule zilizo jirani na Chiromo zinaweza kuanza kwa kuwaalika wanafunzi wa tiba waje waeleze wenyewe jinsi walivyoijaza fomu na jinsi wanavyolipa. Mzazi naye aitwe, aelezwe kwa lugha anayoiota usiku. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na udaktari uko mvunguni kabisa. Tunachodaiwa sisi walimu ni kumwonyesha mtoto wa maskini kitanda ni kipi, asije akainama mahali ambapo hapana kitu.